Fomati ya saa moja, apdeti za usiku kucha

*Kompyuta ikishafutwa, kuirudishia masasisho yake hula bando, umeme na muda. Kajaga, magharibi mwa Bujumbura, ni mahali ambapo akiba ya masasisho ina maana kubwa. Ina wapinzani pia, na hoja zao si za kupuuzwa.*

Tuseme ni Jumamosi asubuhi pale Kajaga. Mwanafunzi anashuka kwenye basi dogo kando ya barabara ya taifa namba 4, ile inayotoka mjini Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo. Amekumbatia kompyuta ya mapajani. Imejaa virusi, inachukua robo saa kuwaka, na Jumatatu anatakiwa kukabidhi kazi yake ya chuo. Anaingia kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, vile ambavyo Bujumbura huitwa sekretarieti, anamkabidhi fundi.

Fundi hana maneno mengi. Anahamishia nyaraka na picha kwenye diski ya nje, anachomeka fleshi, anafuta kila kitu na kupiga Windows upya. Saa moja baadaye skrini inang'aa kama ya dukani. Mwanafunzi anatia mkono mfukoni atoe faranga, alipe, aondoke.

Hapo ndipo kazi inapoanza.

Windows iliyomo kwenye fleshi ile ni ya siku fleshi ilipotengenezwa. Ikiwa ilitengenezwa miaka miwili iliyopita, kompyuta ya mwanafunzi imerudishwa nyuma miaka miwili, na matundu yote ya usalama yaliyozibwa tangu hapo yamefunguka tena. Ili yazibwe, masasisho, au apdeti kama mafundi wanavyoyaita, lazima yashushwe upya kutoka mtandaoni, kana kwamba kompyuta hii haijawahi kuyaona.

Hesabu yake yeyote anaweza kuipiga. Faili la kusakinisha Windows 10 lina gigabaiti 5 na ushei. Kwenye laini inayopitisha megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 5.5 huchukua zaidi ya saa 6, mradi laini isikatike na umeme usizime. Sasisho la mwezi mmoja lenye megabaiti 700 huchukua dakika 47 kwenye laini hiyohiyo. Fundi mwenye kompyuta 10 mezani atalishusha mara 10. Hizo ni gigabaiti 7 za kitu kimoja, kilekile, herufi kwa herufi. Faili hilo likiwa tayari kwenye diski ya nje, kulinakili ni kazi ya chini ya nusu dakika.

Gigabaiti 7 za kitu kilekile, kwa sababu aliyekishusha mara ya kwanza hakukiweka.

Kompyuta uchi mtandaoni

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mwanafunzi asiende zake, masasisho yakaja polepole nyumbani? Wengi hufanya hivyo. Historia inaonyesha gharama yake.

Julai 16, 2003, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu lililokuwemo katika Windows 2000 na XP. Agosti 11 mwaka huohuo kirusi kilichoitwa Blaster kikaanza kuingilia tundu lilelile. Hakikuhitaji mtu afungue barua pepe wala abofye chochote. Kompyuta isiyo na kiraka ilitosha kuunganishwa na mtandao, basi.

Yaliyofuata yaliwachosha mafundi wa dunia nzima. Mtu alifomati kompyuta ili kuondoa kirusi, akaunganisha mtandao ili kufuata kiraka, na kirusi kikamrudia kabla kiraka hakijamaliza kushuka. Kompyuta ikahesabu sekunde 60 na kujizima ili iwake upya. Aliyekuwa na kiraka kile kwenye CD alikisakinisha kwanza, kisha ndipo akachomeka waya wa mtandao. Kati ya mafundi hao wawili palikuwa na tofauti ya faili moja dogo.

Miaka kumi na minne baadaye somo likarudi kwa ukubwa zaidi. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka kilichopewa namba MS17-010. Mei 12, karibu miezi miwili kamili baada yake, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Uingereza, hospitali za umma ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Miadi ipatayo 19,000 inakadiriwa kuvunjwa. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwepo muda wote huo.

Kuna jambo moja katika kisa cha WannaCry linaloihusu sana Afrika Mashariki na ambalo halikusemwa vya kutosha. Mtafiti kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, aligundua kwamba kirusi hicho kabla ya kushambulia kiliulizia anwani fulani ya mtandao. Akaisajili anwani hiyo, na mashambulizi yakapungua ghafla. Lakini breki hiyo ilishika tu pale ambapo kompyuta iliweza kuifikia anwani yenyewe. Kompyuta za ofisi zilizofungwa pamoja kwa waya bila intaneti ya uhakika hazikuipata kinga hiyo. Zilizokuwa salama ni zile zilizokuwa na kiraka.

Kwa maneno mengine, anayekaa mbali na mtandao ndiye anayehitaji zaidi masasisho yaliyoletwa kwa mkono.

Nyuzi zinazopitia kwa majirani

Burundi haina pwani. Nyaya za chini ya bahari zinazoiunganisha Afrika Mashariki na dunia hutua Dar es Salaam na Mombasa, kisha nyuzi za nchi kavu hupanda kupitia Tanzania na Rwanda hadi Bujumbura. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalitegemea satelaiti, ghali na za polepole. Kampuni ya Burundi Backbone System, iliyoundwa na serikali pamoja na makampuni ya mawasiliano kwa msaada wa Benki ya Dunia, ndiyo iliyotandaza uti wa mgongo wa nyuzi ndani ya nchi. Mabadiliko yalikuwa makubwa, na hakuna fundi wa Bujumbura anayetamani kurudi kwenye enzi za satelaiti zile.

Hata hivyo, njia ndefu ina mahali pengi pa kukatikia. Mei 12, 2024, nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini mwa Afrika, na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota kwa siku kadhaa. Siku kama hizo kompyuta iliyofomatiwa hukaa mezani kwa fundi ikizungusha kiduara chake.

Umeme nao una zamu yake. Bwawa la Rusumo, lenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, limeongeza nguvu kwenye gridi, lakini kukatika bado ni sehemu ya maisha ya kila wiki. Katika miaka ya karibuni mafuta ya petroli yalipoadimika, hata jenereta lilikuwa pambo. Sasisho linalokatwa katikati ya kusakinishwa laweza kuiacha kompyuta haiwaki kabisa, na hapo mwenye mali anarudi kwa fundi, anafomati tena, na gigabaiti zilezile zinaanza safari upya.

Kisha kuna ziwa. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba na majengo ya ufukweni, Kajaga ikiwemo. Watu walihama na magodoro, na vifaa vya umeme ndivyo vinavyoumia kwanza. Kwa jinsi hiyo, mtaa huu una sababu yake wenyewe ya kufikiria kuanza upya: kompyuta iliyolowa, diski mpya, Windows mpya, masasisho mapya.

Akiba huwekwaje

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kunakili folda. Wanajua kwamba Windows huhifadhi inachoshusha ndani ya folda iitwayo SoftwareDistribution, kwa hiyo kabla ya kufuta wanaibeba nzima kwenye fleshi, na baada ya kufomati wanairudisha mahali pake. Mara nyingi haifanyi kazi. Folda ile ina daftari lake la kumbukumbu linaloendana na usakinishaji uleule uliofutwa. Isitoshe, Windows za sasa hushusha vipande tu vinavyokosekana katika kompyuta husika. Kuvibeba vipande hivyo kwenda kwenye kompyuta nyingine ni kama kubeba viraka vya shati la mtu mwingine.

Njia sahihi ni kufuata faili zima. Microsoft ina katalogi ya wazi mtandaoni ambamo kila sasisho hupatikana kwa namba yake inayoanza na herufi KB. Fundi anatafuta namba, anachagua aina ya kompyuta, biti 32 au 64, anapakua faili linaloishia na .msu, analiweka. Mara nyingine atalifungua kwa kubofya mara mbili, bila intaneti kabisa.

Ndani ya jina la faili hilo kuna siri ndogo ambayo kila fundi angepaswa kuijua. Ule mkia mrefu wa tarakimu na herufi 40 mwishoni mwa jina ni alama ya vidole ya faili lenyewe. Amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows, ikiambiwa ipige hesabu ya SHA1, itatoa mkia huohuo. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani au mtu ameligusa. Kukagua hivi hakuhitaji mtandao wala malipo.

Wenye bidii zaidi huenda hatua ya mbele. Kwa kutumia DISM, chombo cha Microsoft chenyewe, hupachika sasisho ndani ya faili la kusakinishia, hivi kwamba Windows ikishapigwa tayari imesasishwa. Wengine huandaa kompyuta moja kikamilifu, na programu za ofisi ndani yake, kisha huchukua picha ya diski nzima kwa programu ya Clonezilla na kuimwaga kwenye nyingine. Sekretarieti yenye kompyuta sita za aina moja ingefaidika sana na njia hii.

Halafu kuna draiva, programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya kompyuta. Mara nyingi kompyuta iliyofomatiwa haioni hata Wi-Fi, kwa sababu draiva ya kadi ya mtandao imefutwa pamoja na vingine, na ili kuipakua inahitajika Wi-Fi. Mtego huu umewapotezea watu siku nzima. Dawa yake ni amri moja ya DISM inayotoa draiva zote nje kabla ya kufuta, ziwekwe kwenye folda yenye jina la kompyuta hiyo. Ni dakika tano za kazi, na kama kuna jambo moja ambalo msomaji angemdai fundi wake alifanye, ni hili.

 

Waliozuiwa, walioachwa

Wazo la kuweka masasisho pamoja si la Bujumbura wala la jana. Katikati ya miaka ya 2000, wakati Windows XP ilipohitaji msururu mrefu wa viraka, kundi la watu wa kujitolea lilikuwa likiyafunga masasisho yote katika kifurushi kimoja kilichoitwa AutoPatcher. Mtu alikishusha mara moja, akakiweka kwenye CD, akawahudumia ndugu na majirani. Mwishoni mwa Agosti 2007 Microsoft iliwataka waache kukisambaza. Sababu iliyotolewa ilihusu usalama: masasisho yanayotoka mikononi mwa mtu mwingine yanaweza kupachikwa kitu kibaya, na mtumiaji hana njia rahisi ya kujua.

Hasira zilikuwa kubwa. Kwa mtu mwenye modemu ya simu, kifurushi kile kilikuwa tofauti kati ya kompyuta salama na kompyuta iliyoachwa uchi. Baadaye AutoPatcher ilirudi kwa umbo jingine: badala ya kugawa masasisho yenyewe, iligawa programu ndogo inayoyafuata moja kwa moja kwenye seva za Microsoft.

Ujerumani walikuwa wameiona njia hiyo mapema. Jarida la kompyuta la c't lilitoa chombo kilichoandikwa na Torsten Wittrock ambacho baadaye kilijulikana kama WSUS Offline Update. Chenyewe hakibebi sasisho hata moja. Hukaa kwenye kompyuta iliyo na mtandao, huyavuta masasisho kutoka Microsoft, huyapanga kwa mpangilio unaotakiwa, kisha fundi huyabeba kwenye diski hadi kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Mafundi wa nchi nyingi walikizoea, na wa kujitolea wakaendeleza toleo lake.

Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo kiini cha mgogoro wote. Hakuna aliyepinga mtu kuhifadhi. Kilichopingwa ni mtu kuwa chanzo. Na hapo Microsoft ilikuwa na haki, ingawa iliwaacha wateja wake wa laini nyembamba bila kitu cha kushika kwa muda. Kampuni ilikuwa na chombo chake cha kusambaza masasisho ndani ya ofisi, WSUS, lakini hicho kinadai seva na msimamizi. Sekretarieti ya Kajaga haina seva.

Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 ilileta jibu la nusu: kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaweza kupeana masasisho, moja ikishusha na nyingine zikichota kwake. Ni mpango mzuri kwa shule au ofisi. Ila mwanzoni mpangilio huo, kwa matoleo ya kawaida, uliruhusu pia kupeleka vipande kwa kompyuta za watu wasiojulikana kwenye intaneti, na wenye kulipia kila megabaiti walilalamika, kwa haki kabisa. Mwenye kompyuta Kajaga anapaswa kuufungua mpangilio huo na kuubakisha kwa kompyuta za ndani tu, kisha aiambie Windows kwamba laini yake ni ya kulipia kwa kipimo.

Akiba inayooza

Waswahili husema akiba haiozi. Masasisho huoza, na hapa ndipo wapinzani wa kuhifadhi wana nguvu zaidi.

Tangu Oktoba 2003 Microsoft imekuwa na desturi ya kutoa masasisho Jumanne ya pili ya kila mwezi. Diski iliyojazwa Januari, kufikia Juni imeshapitwa mara tano. Fundi anayejivunia ghala lake bila kulifungua dirisha anampa mteja utulivu wa uongo: kompyuta imeandikwa imesasishwa, kumbe imesasishwa kwa hali ya mwaka juzi.

Hoja ya pili ni kwamba haja yenyewe imepungua. Zamani Windows 7 iliyopigwa upya ilidai masasisho zaidi ya mia moja, moja baada ya jingine, na kuwasha upya katikati. Mei 2016 Microsoft iliyafunga mengi ya hayo katika faili moja, KB3125574, lisilofika hata megabaiti 500 kwa mashine za biti 64. Katika Windows 10 kila sasisho la mwezi hubeba ndani yake yale yote yaliyotangulia, kwa hiyo la mwisho peke yake linatosha. Yanini basi kulea ghala?

Ya tatu ni Starlink, intaneti ya satelaiti iliyotangaza kuanza huduma Burundi Septemba 2024. Aliye na sahani ya satelaiti juu ya paa hataona faida ya kubebana na diski.

Hoja hizi ni za kweli, lakini ukizitazama tena zinageuka. Ikiwa sasisho la mwisho linatosha, basi ghala limekuwa dogo na rahisi kulitunza kuliko wakati wowote: faili moja kwa mwezi badala ya mia. Fundi analishusha usiku mmoja baada ya Jumanne ya pili, analifuta la mwezi uliopita, na kompyuta zote za mwezi huo zinalitumia. Na Starlink si ya kila paa. Mwanafunzi yule wa basi dogo hanayo.

Sasisho la mwisho linapobeba yote yaliyotangulia, ghala la fundi ni faili moja kwa mwezi.

Kuna pia masasisho ambayo kuoza kwake ni kinyume: chanzo ndicho kinachopotea. Agosti 2020 Microsoft iliondoa kwenye kituo chake cha upakuaji mafaili yote yaliyotiwa saini ya kidijitali ya mtindo wa zamani, SHA-1, kwa kuwa saini hiyo haikuaminika tena. Uamuzi ulikuwa wa busara kiusalama. Lakini mwenye mashine ya zamani ya maabara au karakana inayokubali Windows XP pekee alibaki na kile tu alichokuwa amekiweka mapema.

Windows 7 nayo ina fumbo lake. Kuanzia 2019 masasisho yake yalitiwa saini mpya ya SHA-2. Kompyuta iliyopigwa kutoka kwenye diski ya 2011 haiijui saini hiyo, kwa hiyo inayakataa. Lazima ipewe kwanza KB4490628 na KB4474419, kisha ndipo mengine yafuate. Fundi asiyejua mpangilio huu atasema kompyuta ni mbovu. Anayejua ameuandika kwenye karatasi na kuubandika juu ya diski.

Fleshi yenye ugonjwa

Hatari iliyo kubwa kuliko masasisho ya zamani ni fleshi yenyewe. Conficker, kirusi kilichoanza Novemba 2008 kwa kutumia tundu ambalo kiraka chake kilitoka Oktoba 23 mwaka huo, kilijifunza upesi kusafiri kwa fleshi. Ukiichomeka, Windows za wakati ule ziliweza kutekeleza kilichokuwa ndani. Mpaka Februari 2011 ndipo Microsoft ilipoanza kuzima tabia hiyo katika XP kupitia masasisho ya kawaida. Kwa hiyo chombo kilekile kinachobeba dawa kilibeba maradhi, kutoka kibanda hadi kibanda.

Leo mlango ule umefungwa, lakini mwingine uko wazi: Windows zilizopunguzwa. Ni mafaili ya kusakinisha yanayozunguka mikononi, mtu asiyejulikana ameyakata na kuyapachika, yakiahidi wepesi kwenye kompyuta kuukuu. Baadhi yamezimwa kabisa uwezo wa kusasisha. Mteja hufurahia kasi siku ya kwanza bila kujua kwamba kompyuta yake haitapokea kiraka tena. Fundi anayemwekea mtu Windows ya namna hiyo amemnyang'anya ulinzi bila kumwambia, na hakuna bei nafuu inayohalalisha hilo. Wepesi unaweza kupatikana kwa njia za halali, na leseni ya Windows 10 imefungwa kwenye ubao mama wa kompyuta yenyewe. Ukipiga toleo lilelile upya, inajitambua ikipata mtandao.

Oktoba 14, 2025

Hiyo ndiyo tarehe ambayo Microsoft ilifunga masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10, miaka kumi na miezi michache tangu itoke Julai 29, 2015. Wamiliki walifunguliwa dirisha la mwaka mmoja zaidi kwa kujiandikisha, hadi Oktoba 2026.

Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika Afrika Mashariki kutoka Ulaya na Dubai ni za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Zitaendelea kufanya kazi Kajaga kwa miaka, zitaharibika, zitafomatiwa.

Kwa mashine hizo, ghala limebadilika maana. Sasisho la Oktoba 2025 ndilo linalofunga hesabu kwa asiyejiandikisha. Mwenye faili la kusakinisha la toleo la 22H2 na sasisho hilo moja ana Windows 10 nzima mkononi, ilivyofika mwisho wake. Asiye navyo atategemea kwamba vitaendelea kupatikana mtandaoni, na kisa cha Agosti 2020 kinaonyesha kwamba tegemeo hilo huweza kukatika.

Njia nyingine ni kuhama. Ubuntu, mfumo huria uliozaliwa mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, una jina ambalo Mrundi halihitaji kufafanuliwa: kwa Kirundi ubuntu ni utu na ukarimu, na kitu kinachotolewa ku buntu ni cha bure. Hadi Aprili 2011 kampuni yake, Canonical, ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo kwa yeyote duniani aliyeomba, kwa kujua kwamba wengi wasingeweza kuzishusha.

Kuhifadhi masasisho katika Ubuntu ni jambo la kawaida, halina ubishi wala katazo. Vifurushi vilivyoshushwa kwa amri ya apt-get hubaki katika folda ya /var/cache/apt/archives, na mtu anaruhusiwa kuvibeba. Amri mpya ya apt huvifuta baada ya kusakinisha, hivyo fundi lazima ajue anatumia ipi. Afadhali zaidi ni programu iitwayo apt-cacher-ng: kompyuta moja kuukuu inawekwa kibandani, kila kifurushi kinachoombwa na mashine yoyote kinabaki humo, na mashine inayofuata inachota hapohapo. Orodha za vifurushi zina saini, kwa hiyo kompyuta inakataa yenyewe kilichoguswa. Kama Microsoft ingetoa kitu chepesi hivi kwa kibanda chenye kompyuta tano, sehemu kubwa ya mgogoro huu ingekwisha.

Diski mbili

Turudi kwa fundi wetu wa Jumamosi. Vifaa anavyohitaji havizidi diski moja ya nje, daftari, na nidhamu ya usiku mmoja kwa mwezi. Katika daftari, safu nne: namba ya KB, tarehe iliyotoka, biti ngapi, na tarehe aliyokagua alama ya vidole. Faili lisilo na safu ya nne halimgusi mteja.

Kompyuta ya mwanafunzi inasakinishiwa sasisho la mwezi kutoka kwenye diski, bila waya, bila Wi-Fi. Baada ya kuwashwa upya ndipo inapounganishwa na mtandao ili ichukue machache yaliyobaki. Draiva zake, zilizotolewa kabla ya kufuta, zinabaki kwenye folda yenye jina la kompyuta hiyo, maana mwenyewe atarudi tu.

Na kwa kuwa kibanda kiko Kajaga, diski moja haitoshi. Ya pili, nakala ya ile ya kwanza, inafungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, inaandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na kupelekwa kwa ndugu anayekaa juu mlimani, Kiriri au Gihosha, mbali na ziwa. Kila baada ya Jumanne ya pili ya mwezi diski mbili zinabadilishana mahali.

Mwanafunzi analipa, anapakata kompyuta yake na kusubiri basi kwenye barabara ya Gatumba. Bado hajaanza kuandika sura ya mwisho, lakini mchana wote uko mbele yake.